Maktaba Iliyoanza kwa Karatasi ya Mandazi

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Aliye dukani apunguze kelele ya mashine. Aliye jikoni apike nsima kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili aongeze sauti ya redio. Mimi ni Elodie, na leo nimeshindwa kutulia tangu asubuhi. Nimekuja studio kwa kabaza, na mwenye baiskeli akaniuliza njiani, "Dada, unaongea na nani?" Nilikuwa naongea peke yangu. Nilikuwa nafanya mazoezi ya kuwasimulia ninyi.

Leo tunamkumbuka Maman Arlette. Maman Arlette, mshonaji wa soko la Dzaleka. Maman Arlette, mzaliwa wa Bukavu, mwanzilishi wa maktaba yetu ya hapa kambini, ile ambayo wengi wetu tunaiita "biblio". Alifariki mwezi wa nne mwaka huu, katika hospitali moja mjini Lilongwe. Tumemzika hapa hapa Dzaleka.

Najua kipindi cha kumbukumbu kina sauti yake. Mtangazaji anaongea polepole, kama anatembea juu ya mayai. Mniwie radhi. Mimi nilijifunza kusoma kwa sauti mbele ya watu katika chumba cha Maman Arlette, na kila nilipolegeza sauti alipiga meza akisema, "Elodie, amuka! Bantu balikuja kusikia, habakuja kulala!" Basi leo nitamsimulia vile alivyotaka tusome. Kwa nguvu.

Tuanze Bukavu. Maman Arlette alizaliwa Kadutu, binti wa mwalimu wa shule ya msingi. Alisoma sekondari, akajifunza kushona kwa masista, akaolewa, akapata mtoto mmoja, Esperance. Kisha vita vikamchukua mume wake. Sitasema zaidi ya hapo, maana yeye mwenyewe hakupenda kusema zaidi ya hapo. Akaondoka na binti yake pamoja na mdogo wake wa kiume, Hubert. Walipita Tanzania, wakaingia Malawi, wakafika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka mwaka 2012.

Hapa alipata cherehani ya kuazima. Akaketi kwenye baraza ya nyumba ya udongo karibu na soko, akaanza kushona. Mdogo wake Hubert tulimtembelea juzi nyumbani kwake. Anakumbuka miezi ile ya kwanza.

"Dada yangu alikuwa anashona, lakini alikuwa kama hayuko," Hubert alituambia. "Unamuuliza kintu leo, anakujibu kesho. Nguo zilikuwa zinatoka nzuri, lakini yeye mwenyewe, wapi. Mi nilikuwa naogopa. Nilisema, huyu tutamupoteza akiwa amekaa hapa hapa mbele yetu."

Wasikilizaji, shikeni hapo. Mwanamke amekaa kwenye cherehani, anashona, na hayupo. Sasa twende Lilongwe.

Ilikuwa siku ya kununua uzi na vitambaa vya vitanda. Maman Arlette na Hubert walipanda minibasi asubuhi, wakashuka mjini, wakazunguka mpaka mtaa wa Biwi. Njaa ikawauma. Kando ya barabara palikuwa na mama mmoja Mmalawi anakaanga mandazi. Maman Arlette akanunua. Yule mama akachana karatasi kutoka kwenye rundo lililokuwa miguuni pake, akafunga mandazi, akampa. Maman Arlette akala huku anatembea. Akafungua karatasi vizuri ili mafuta yasimwagikie kitenge. Na macho yake yakaanguka kwenye maandishi.

Yalikuwa ya Kifaransa. Ulikuwa ukurasa wa hadithi. Msichana anarudi nyumbani baada ya miaka mingi, anasukuma mlango, nyumba tupu, lakini kwenye chumba cha nyuma anasikia mtu anakohoa. Na hapo karatasi ikaisha.

Hapo karatasi ikaisha! Hubert anasema dada yake alisimama katikati ya njia kama mtu aliyepigwa na umeme.

"Akanishika mukono, akaniuliza, 'Hubert, nani anakohoa?' Nikasema, 'Nani anakohoa wapi?' Akasema, 'Mu chumba!' Nikafikiri basi, kichwa imeharibika. Mara akageuka, akakimbia. Dada yangu, ambaye kwa miezi yote ile alikuwa hakimbiye hata mvua!"

Alikimbia mpaka kwa mama wa mandazi. Akamwonyesha ukurasa, akamwonyesha rundo. Ukurasa unaofuata haukuwepo. Ulikuwa umeondoka na mteja wa nyuma yake. Mteja gani? Mama akanyoosha kidole: mwanamume mmoja aliyekuwa amekaa nyuma ya kabaza, ndio kwanza baiskeli inaondoka. Maman Arlette akaifuata ile baiskeli akipiga kelele kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, na kwa neno moja la Kichewa alilolijua, la kusema asante, "Zikomo! Zikomo!" Yule bwana alifikiri ameangusha kitu. Akashuka. Na mwanamke asiyemjua akamwomba karatasi yake ya mandazi, ikiwa na mandazi ndani.

Akaipata. Akaisoma palepale, imelowa mafuta, na Hubert nyuma yake anahema. Nayo haikumtaja anayekohoa.

Alimwambia Esperance miaka mingi baadaye maneno ambayo nataka myasikie kama yalivyo. Esperance ameyarudia mbele ya kinasa sauti chetu: "Mama alisema, 'Tangu tukimbie, mi nilikuwa naangalia nyuma tu. Nyuma, nyuma. Siku ile pale Biwi njo mara ya kwanza nilitaka kujua kintu ya mbele.'"

Rundo lile mama wa mandazi alikuwa amelipata kama karatasi chakavu, kutoka kwa familia iliyohama. Ndani yake kulikuwa na ile riwaya, au mabaki yake, na vitabu vingine vya shule, vya hadithi, vya dini. Maman Arlette akavua kitenge kipya alichojitanda mabegani, akamwekea yule mama mapajani. Mama akacheka, akakunja kitenge, akamsukumia rundo lote. Walirudi Dzaleka na uzi kidogo na mzigo wa vitabu visivyo na majalada.

Na maktaba ikaanza. Narudia kwa ajili ya wale waliochelewa kufungua redio: maktaba ya Dzaleka ilianza kwa karatasi ya mandazi, kule Biwi.

Kwanza alivishona. Kweli kabisa, alivishona kwa cherehani, ukurasa kwa ukurasa, kwa uzi wa buluu wa sare za shule, akavitengenezea majalada ya katoni na mabaki ya vitambaa. Kisha akaanza kuwasomea wateja waliokuwa wanangoja nguo zao. Anasoma Kifaransa kwa macho, mdomoni kinatoka Kiswahili. Cherehani inanyamaza, hadithi inaendelea. Watu walianza kufika na suruali ambazo hazikuchanika. Wengine walichana wenyewe kidogo, wapate sababu.

Siku ya kumaliza ile riwaya ya msichana na mlango, baraza ilijaa mpaka njiani. Maman Arlette akasoma, akasoma, kisha akanyamaza.

"Imeisha?" mtu akauliza.

"Haijaisha," akajibu. "Mwisho ililiwa na mandazi."

Wasikilizaji, ulizuka ugomvi ule! Kurasa za mwisho ziliuzwa kabla Maman Arlette hajapita Biwi, na kila mtu alitaka kujua mwisho. Mwingine akasema aliyekohoa ni baba yake msichana. Mwingine, hapana, ni mwizi. Mama mmoja wa Uvira akasimama akasema ni msichana mwenyewe, amekufa zamani hajui. Watu wakapiga mayowe. Maman Arlette akagonga meza kwa mkasi. "Kila mutu akuje kesho na mwisho yake. Mwenye haleti mwisho, hapate nafasi ya kukaa." Na walikuja. Kwa wiki nzima watu walileta miisho. Watu wa Bukavu na watu wa Fizi, Warundi na Wanyarwanda, watu ambao kwenye foleni ya bomba hawakuwa wanasalimiana, walikaa wakibishana kuhusu kikohozi cha mtu ambaye hayupo duniani.

Aliyemaliza ubishi, au aliyeupatia nyumba, alikuwa Papa Sinzinkayo. Huyu ni seremala, Mrundi, shemasi wa kanisa letu la pale karibu na soko. Kanisa lilikuwa na chumba cha nyuma kilichokaa bure. Sinzinkayo akakiomba, akakipata, akatengeneza rafu za mbao. Maman Arlette alimlipa kwa kushona gauni la harusi la binti yake, na wanaokumbuka harusi ile wanasema bibi harusi alichelewa kuingia kanisani kwa sababu kila mtu mlangoni alitaka kushika kitambaa.

Katika chumba kile maktaba ilikua. Vitabu vilitoka kwa waliohamishiwa nchi za mbali wakaacha mizigo. Vilitoka kwa walimu, vilitoka sokoni. Kifaransa, Kiswahili, Kiingereza, Kirundi, Kichewa. Sheria ilikuwa moja tu. Ukipoteza kitabu, hulipi kitu. Unasimama mbele ya watu, unakisimulia chote kwa mdomo, kuanzia mwanzo. Mimi nilipoteza kimoja. Nilisimulia mpaka koo likakauka. Nadhani ndipo kazi hii ya redio iliponianzia.

Kisha ikaja Januari ya mwaka 2021.

Ilikuwa mchana. Upepo ulitangulia, ule wa kubeba mchanga na ndoo. Halafu mvua. Tulikuwa ndani ya chumba tunasoma, tukasikia mabati yanalia juu, misumari inang'oka mmoja mmoja, na ghafla paa likaondoka. Liliondoka lote. Tukaona mawingu. Maji yakaanza kumwagika juu ya rafu.

Maman Arlette alipanda juu ya kiti. Sauti yake ilishinda mvua. "Kila mutu abebe! Weka ndani ya nguo! Peleka kwako! Usiniulize jina, usiandike kintu, beba tu, kimbia!"

Na watu wakabeba. Waliokuwa ndani wakabeba, waliokuwa sokoni wakaona, wakaja mbio nao wakabeba. Wamama waliingiza vitabu chini ya vitenge kama wanaficha watoto. Mwendesha kabaza mmoja alifunga boksi zima nyuma ya baiskeli akapotea kwenye maji. Kufumba na kufumbua rafu zilikuwa tupu. Vitabu vyote vilikuwa vimetawanyika kambini, na hakuna aliyejua kipi kipo kwa nani.

Esperance anasema ule usiku wa kwanza mama yake alilia, na tangu waondoke Bukavu hakuwa amemwona analia. "Nikamwambia, 'Mama, vimeokoka.' Akanijibu, 'Vimeokoka, lakini vitarudi? Watu wana shida. Karatasi inawasha moto.'"

Paa lilichukua muda. Sinzinkayo na vijana wa kanisa walitafuta mabati, walinyoosha yale ya zamani, wakapiga misumari. Mvua zilipokatika, kanisa likapiga ngoma, Maman Arlette akasimama mlangoni. Watu wakaanza kuleta. Vingine vimevimba kwa maji. Kimoja kina alama ya sufuria juu ya jalada, duara jeusi, kamili. Lakini vilikuja! Foleni ilifika hadi kwa wauza samaki wa usipa. Kila kitabu kilichopita mlangoni, watu walishangilia kama goli limeingia.

Ila boksi moja halikurudi. Lile la kabaza. Ndani yake mlikuwa na riwaya bora za Kifaransa na Kiswahili, na lilikuwa limechukuliwa na Robert.

Robert ni kinyozi, mtu wa Uvira. Alikuwa msomaji wetu mkubwa. Siku ya dhoruba alimkodi yule wa kabaza apeleke boksi kwake, na kabla mvua hazijaisha akahamia Lilongwe kufungua saluni. Akaondoka na boksi. Sokoni watu wakaanza kusema. Mmoja akasema Robert ameviuza. Mwingine akaongeza kwamba ameviuzia wamama wa mandazi, kwa bei ya karatasi.

Mnaweza kufikiri habari hiyo ilimwingiaje Maman Arlette. Hakula siku hiyo. Kesho yake alimwambia Esperance, "Vaa viatu," na wakapanda minibasi.

Esperance ndiye aliyenisimulia safari hii, na nikiisimulia huwa naicheka mimi mwenyewe kabla ya mwisho. Walifika Biwi. Kila mwuza mandazi waliyempita, Maman Arlette aliinama kuangalia karatasi. Magazeti. Magazeti. Madaftari ya shule. Anashusha pumzi, wanaendelea. Wakauliza saluni ya Mkongomani. Wakaelekezwa. Wakakunja kona.

Nje ya saluni palikuwa na benchi. Benchi lilikuwa limejaa watu. Na watu wote wale, wasikilizaji, walikuwa kimya. Umeona wapi saluni ya kimya? Kila mmoja alikuwa ameinamia kitabu. Ndani, kwenye kiti cha kunyolea, alikaa bwana mmoja aliyenyolewa upande mmoja tu wa kichwa. Alikuwa anasoma. Na Robert alikuwa amesimama nyuma yake, mashine mkononi, imezimwa, anamsubiri amalize ukurasa.

Robert akainua macho, akamwona. Mashine ikamponyoka.

"Maman," akasema. "Maman Arlette. Karibu. Niko naweza kueleza."

"Funga mudomo kwanza."

Akapita kwenye benchi. Kwa kila mtu alinyoosha mkono, akachukua kitabu, akageuza mgongo wake, akapapasa ule uzi wa buluu, akamrudishia mwenyewe. Wote wakamwacha afanye. Kitabu kimoja kilikuwa kimechanika, kimezibwa kwa plasta ile ya kuziba majeraha ya wembe. Alikitazama sana hicho.

"Ju ya nini haukurudisha?" akauliza.

Robert aliokota mashine. "Nilibeba juu ya kubirudisha, Maman. Nikasema kesho. Nikabiweka pa dirisha. Kliyan mumoja wa kunyoa akafungua, akasoma. Kesho yake akarudi, na nywele hana! Alikuja kusoma tu. Akaleta mwenzake. Nilishindwa kubanyang'anya."

Yule bwana aliyenyolewa nusu akaona kitabu chake kiko hatarini. Alikuwa Mmalawi, anajisomea kitabu cha Kiswahili ili ajue wanachosema majirani zake. Akakikumbatia kifuani. "Amayi, chonde," akaomba, "musatenge." Mama, tafadhali, usichukue.

Maman Arlette akamwangalia yeye, akamwangalia Robert.

"Robert, uliniiba."

"Ndiyo, Maman."

"Na uliiba vibaya! Bitabu bya batoto biko wapi? Bamama banaleta batoto hapa kunyolewa. Batoto banasoma nini? Banaangalia tu?"

Na hapo Maman Arlette akaanza kucheka. Esperance anasema alicheka mpaka ikabidi akae, na mahali pa kukaa palikuwa kwenye ndoo ya maji ya kuoshea vichwa. Walikaa pale hadi jioni. Alishona kile kitabu chenye plasta kwa sindano yake ya mkono, akamfundisha Robert kushona vingine. Siku hiyo, wasikilizaji wapendwa, maktaba ya Dzaleka ikawa na tawi Lilongwe.

Kuanzia hapo, kila alipokwenda mjini kutafuta vitambaa, alipeleka vitabu Biwi na kurudi na vingine. Mwalimu mmoja anayeishi mtaa wa Area 49, upande wa Gulliver, mbali na Biwi, alikuwa mteja wa Robert. Akaleta vitabu vya Kichewa na Kiingereza, akaleta na marafiki. Nani angefikiri? Watu wa Area 49 wanakuja Biwi kunyolewa na kinyozi wa Uvira, kwa sababu ya vitabu vilivyoshonwa Dzaleka.

Mwaka 2023 likatoka agizo kwamba wakimbizi waliokuwa wakiishi mjini warudi kambini. Mnaikumbuka miezi ile, sina haja ya kuwaeleza. Robert alifunga saluni. Wasomaji wa benchi lile walimsaidia kupakia: magodoro, kioo, kiti cha kunyolea, na maboksi ya vitabu, mengi kuliko lile moja alilokwenda nalo. Maman Arlette alimpokea pale lori lilipoegesha. Robert alishuka, macho mekundu. Alikuwa amejenga kitu kule, na sasa anaanza tena sifuri.

Mimi nilikuwepo. Nilimsikia Maman Arlette akimwambia, "Leo hatusome. Leo tunashusha mizigo, tunakula. Kesho utanisaidia, mi nimechoka." Alisema hivyo kwa wepesi, kama utani. Lakini kweli alikuwa amechoka. Sukari ilikuwa imeanza kumsumbua, na macho. Robert akawa mtunzaji wa pili wa maktaba. Kiti cha kunyolea kikaingia biblio, na mpaka leo ndicho kiti kinachogombaniwa kuliko vyote.

Mwezi wa nne mwaka huu sukari ilimzidi. Wakampeleka hospitali Lilongwe. Esperance alikaa naye. Anasema jioni ya mwisho mama yake aliamka, akauliza, "Nani alifungua leo?"

"Robert, mama."

"Bantu balikuja?"

"Balikuja. Hata pa kukaa hapakuwa."

"Njo vizuri," akasema, akageukia ukutani kulala. Asubuhi hakuamka.

Tulimlilia, wasikilizaji. Kwenye kilio watu waliimba, na kati ya nyimbo wakasimama wakasoma kwa sauti, kila mmoja kwa lugha yake. Wengine waliona ni ajabu. Familia ikasema, acheni wasome.

Baada ya maziko likaja swali. Papa Sinzinkayo, yule yule aliyetengeneza rafu, alisema tufunge maktaba mpaka matanga yaishe, kwa heshima ya marehemu. Alisema kwa upendo. Esperance alikubali. Alikuwa amechoka, hakuwa na nguvu hata ya kuona zile rafu. Wakapatana Jumatatu asubuhi waende pamoja, Sinzinkayo na kufuli kubwa, Esperance na ufunguo.

Walipofika, walikuta watu wamekaa nje ya mlango. Hawakugonga, hawakuita. Wamekaa tu. Mbele yao alikuwa mwanamke mzee, mkulima kutoka Fizi, Maman Orpa. Ana wajukuu wakubwa. Mikono yake ni ya jembe. Akasimama.

"Mutoto," akamwambia Esperance, "mi niko na randevu na mama yako leo."

Esperance alifikiri hajasikia habari. "Maman Orpa, mama alikufa."

"Najua. Nilikuwa kwa kilio. Nililia sana. Lakini randevu iko ya leo."

"Ya nini?"

"Ya kujifunza kusoma. Mama yako alinisumbua miaka yote. Kila akiniona: 'Orpa, lini? Orpa, lini?' Nikakubali. Akasema Jumatatu. Na leo ni Jumatatu."

Esperance alimtazama Sinzinkayo. Mzee alikuwa ameshika kufuli. Akaliangalia, akalitia mfukoni, mfuko ukaning'inia.

"Basi fungua," akasema. "Mimi nitaleta benchi lingine."

Esperance akafungua. Akamkalisha Maman Orpa kwenye kiti cha kunyolea, akaandika herufi A kubwa ubaoni. Anasema aliifuta, akaiandika tena, na Maman Orpa akamwambia, "Usiogope, mi njo mwenye hajue."

Sasa ile habari iliyonifanya niongee peke yangu barabarani. Jana nilikuwa sokoni nanunua nyanya. Nikasikia sauti nyuma yangu. "Sa... lu... ni." Kimya. "SALUNI!" Nikageuka. Maman Orpa! Amesimama katikati ya njia, kapu kichwani, kidole kimeelekea kibao. Akahamia kibao kinachofuata. "Cha... ji... si... mu. CHAJI SIMU!" Mwenye duka akatoka. Akahamia kingine. Watu wakaanza kumfuata. Kila kibao anachosoma, soko linajibu kwa vigelegele. Fundi mmoja ambaye kibao chake kilikuwa kimefutika kwa jua alikimbia kutafuta rangi, asirukwe. Mimi niliacha nyanya zangu pale pale.

Wasikilizaji wapendwa, Maman Arlette hakumfundisha Maman Orpa hata herufi moja. Alimpa siku tu. Binti yake ndiye aliyefungua mlango. Nawaomba usiku wa leo mfikirie hilo kidogo, kila mtu nyumbani kwake. Ni nani jirani yako ambaye umekuwa ukimwambia "siku moja"? Mtajie siku.

Kwa Esperance, kwa Hubert, kwa familia yote iliyopo hapa, Bukavu na kwingineko: sisi wa redio hii tunaomboleza pamoja nanyi. Mungu awafariji. Nilikuwa nimeandaa salamu ndefu za rambirambi. Nimeziacha. Esperance yuko hapa studio, upande wa pili wa kioo, na pembeni yangu amekaa mgeni. Nimemwandikia salamu hizo kwa herufi kubwa. Maman Orpa, sogea. Hapo. Soma.

"Fa... mi... lia. Familia. Ya... Ma... man... Ar... let... te. Po... le... ni. Sa... na."

Soma tena, Maman, wakusikie mpaka Lilongwe.

"Familia ya Maman Arlette, poleni sana."

Asante, Maman.

"Nimesoma?"

Umesoma.